Nilipokatazwa Kucheka Juu ya Maji

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu mmoja ambaye simjui. Analala mchana. Si kwamba anajipumzisha, hapana. Analala hata asipotaka, akiwa amesimama, akiwa anakula, mke wake akiwa anamweleza jambo la maana. Watu wamemwita mvivu mpaka naye ameanza kuamini. Kama ni wewe, soma polepole. Ukisinzia katikati si kitu, ukiamka utayakuta maneno bado yapo. Mimi mwenyewe nimesinzia mara nyingi nikiyaandika, na mke wangu ameniambia nikichafua karatasi kwa mate, shauri yangu.

Mimi ni mtu wa maporomoko, hapa Kisangani. Baba yangu alitega samaki hapa, na baba yake vilevile. Maji yanapopungua tunasimika miti mikubwa katikati ya mawe, tunaifunga kwa kamba za msitu, na juu yake tunaning'iniza mitego ya kusukwa, mikubwa kiasi kwamba mtu mzima anaingia ndani. Kila familia ina mahali pake kwenye miti ile. Mahali hapo hapauzwi. Unapapata kwa kusimama, na ukiacha kusimama anasimama mwingine, na watoto wako watakuja kuomba ruhusa kama wageni. Nilikuwa ninasimama na kaka yangu mkubwa, Yaya Faustin, na shemeji yangu Gaston, ambaye ni kaka wa mke wangu. Ugonjwa ulipokuja, nilichokipigania kuliko hata mwili wangu ni mahali pale.

Sasa sikiliza jinsi ulivyojificha. Kwetu, kulala mchana si aibu. Tunatoa samaki alfajiri, kisha tena jioni, na katikati ya hapo wanaume wote wanalala kwenye mawe, penye kivuli, nguo juu ya uso. Watalii wanatupiga picha wakidhani tumelewa. Kwa hiyo nilipoanza kulala zaidi, nani angejua? Wenzangu waliamka, mimi nikabaki. Gaston alinimwagia maji kidogo, nikaamka nikimtukana, tukacheka. Hivyo ndivyo ulivyoanza, kwa kicheko, na hilo bado linaniuma.

Kabla ya kwenda mbele, lazima nieleze utani wetu, maana bila huo hutaelewa kitu. Juu ya miti hamuonani vizuri. Maji yanatupa ukungu mweupe, na mngurumo wake unakula sauti. Kwa hiyo tunataniana kwa nguvu, asubuhi yote. Mgeni akitusikia anafikiri tunacheza. Ngoja nikuambie: mmoja akitupa utani, wengine wote lazima wajibu, kwa kicheko au kwa tusi dogo, na asiyejibu anatazamwa papo hapo. Baba alitufundisha hivyo tukiwa wadogo. Alisema mtu anayecheka hajazama.

Maji yalikuwa yanapungua nilipoanza kulala na chakula mkononi. Mke wangu, Mama Odette, alikuwa amepika lituma, ndizi za kuponda, na samaki, na mimi nikamega, nikachovya, nikaenda zangu.

"Papa Odette," akasema, "uko nalala na chakula mu mukono."

Nilimjibu kwamba nilikuwa ninafikiri.  Watoto wetu watatu walitazama sahani zao, na Odette, binti yetu mkubwa, akalichomoa lile tonge kwenye vidole vyangu na kulirudisha kwenye sahani, polepole, kama mtu anayemvua mtoto viatu.

Baada ya hapo nililala kanisani padri akihubiri, nililala kwenye foleni ya maji. Nililala nyuma ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, nikienda Makiso, katikati ya mji, na yule kijana dereva, Mungu ambariki popote alipo, alihisi kichwa changu kikigonga mgongo wake, akashika mikono yangu miwili kwa mkono wake mmoja mbele ya tumbo lake, akaendesha hivyo mpaka sokoni, kwa mkono mmoja. Wema mdogo wa aina hiyo ndio ulionishikilia. Sitausahau.

Na ndoto! Zilikuja nikiwa bado macho. Nilimwona mwanamume amesimama mlangoni, hana uso, na mimi nimelala chali, siwezi kuinua hata kidole, siwezi kumwita mke wangu anayetwanga nje. Nikamweleza, naye akanipeleka kwa wamama wa maombi. Walisema nifunge kula. Nilifunga. Nikawa na njaa na usingizi, vyote viwili. Halafu jambo la kunitia kichaa: nilinenepa. Mwili wangu, ambao haukuwahi kubeba mafuta, ukaota tumbo na mashavu. Majirani wakanisifu. Unamwambia mtu unaumwa, anakupigapiga tumbo akisema Papa Odette maisha yamekubali. Nilitamani kumpiga.

Mara ya kwanza kuanguka ilikuwa kwenye matanga ya mzee mmoja wa kwetu. Wajukuu walikuwa wakimwigiza marehemu, jinsi alivyokuwa akitembea na kukohoa, kama ilivyo desturi, na watu wakacheka katikati ya machozi. Nami nikacheka. Magoti yakaondoka. Sina neno jingine, yaliondoka tu. Taya likalegea, kichwa kikaanguka kifuani, nikawa chini nikisikia kila kitu: mtu akisema amelewa, mwingine akisema hapana, ni uchungu wa kufiwa. Sikuweza kuwajibu. Kisha nguvu zikarudi zenyewe, nikajipangusa mavumbi. Niliona aibu, nikasema nilijikwaa.

Nilianza kwenda kwa waganga wa hospitali. Kwenye kituo cha afya cha kwetu walinitoboa kidole, wakasema ni malaria, nikameza dawa. Nilirudi, wakasema ni minyoo. Nilirudi tena, wakanipa maji ya vitamini yenye ladha ya ndizi mbovu. Benchi la kituo kile ni la ubao, na ubao wa mwisho umelegea, na mimi nilikuwa nikikaa pale makusudi, ili nikisinzia unibane nyama ya paja niamke. Ulinibana mara nyingi. Nilikuwa na alama.

Kisha muuguzi mmoja akauliza kama nimewahi kufika Ubundu. Nilikuwa nimeenda mara nyingi kwa treni kutafuta kamba nzuri za msitu. Na nzi wa kule, walikuuma? Waliniuma, nani hawamuumi? Akatazamana na mwenzake. Basi neno likatoka: ugonjwa wa malale. Kwetu kila mtu ana babu au bibi aliyekufa nao. Mama Odette alishika kichwa chake kwa mikono miwili.

Wakanipeleka hospitali kubwa. Walinichukua damu, wakanipapasa shingo, wakanichoma sindano kwenye tezi, na mwishowe wakanichoma mgongoni nikiwa nimejikunja. Tulingoja majibu tukiwa tumekaa kwenye baraza, mimi na mke wangu, na mvua kubwa za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeanza. Nililala begani kwake. Aliponiamsha, daktari alikuwa amekwisha kusema. Sina malale. Damu safi, maji ya mgongo safi.

Nikamshukuru Mungu. Nikageuka kumkumbatia mke wangu, nikakuta analia, na si kwa furaha.

"Ungekuwa nayo," akasema, "wangekupa dawa."

Hilo, ndugu yangu usiyejulikana, ndilo lililonivunja. Ugonjwa wenye jina una mlango. Wangu haukuwa na jina. Tulirudi nyumbani kwa miguu kwenye matope, yeye mbele, mimi nyuma, na tangu siku hiyo kwa muda mrefu tulitembea hivyo.

Wenzangu walisikia kwamba si malale. Walifurahi sana, maskini. Walisema, basi, kama ni usingizi tu, dawa yake tunayo. Unaona kosa lao? Kwetu mtu akisinzia juu ya miti anapigwa utani mpaka anachangamka, imekuwa hivyo tangu zamani. Kwa hiyo walinipiga utani mara mbili ya zamani, mara tatu. Gaston ndiye aliyekuwa na moyo zaidi. Alikuwa akiona macho yangu yanazama, anapaza sauti kutoka upande wa pili:

"Shemeji, samaki iko nangojea uamuke. Inasema iko na haraka."

Nilicheka. Nani asingecheka? Na nikicheka magoti yanaondoka. Walidhani usingizi umezidi, wakaongeza utani. Kadiri walivyonipenda ndivyo walivyonisukuma majini. Siku moja niliachia mti kabisa. Sikusikia hofu, maana mwili wote ulikuwa umezimika kasoro masikio. Nilisikia maji yakija karibu. Gaston alinidaka kwa mkanda wa suruali, akanining'iniza hivyo, akiendelea kunitania ili niamke, na mimi ndani ya kichwa changu nikimwomba: nyamaza, shemeji, nyamaza.

Aliyegundua ni Odette. Tulikuwa tunakula viwavi, msimu wake ulikuwa umefika, na mdogo wake alisema kitu cha kijinga kuhusu kiwavi mmoja mnene kuwa anafanana na mimi. Kichwa changu kikaangukia sahani. Watu wakakimbilia maji. Odette hakuinuka.

"Papa haanguke juu ya usingizi," akasema. "Iko naanguka akicheka."

Mama Odette alikumbuka matanga, alikumbuka Gaston alivyonidaka, alikumbuka mengine ambayo mimi nilikuwa nimeyaficha. Akawageukia watoto akawaambia kwamba kuanzia leo hakuna kuchekesha katika nyumba hii. Alisema kwa upole. Alitaka kuniokoa, na sina lawama.

Lakini hujui nyumba inavyokuwa. Watoto walikuwa wanaingia kutoka shule na nyuso zimefungwa. Redio ilizimwa, kwa sababu ya vichekesho vya jioni. Gaston alikuja mara moja, akakaa, akaniuliza habari za mvua, akaondoka. Mtu aliyeniita majina yote ya wanyama tangu nilipomposa dada yake, ananiuliza habari za mvua! Nilisikia watoto wangu wakicheka nyuma ya nyumba, karibu na choo, na nilipotokea wakanyamaza wote kwa pamoja. Mdogo alishika mdomo wake kwa mkono. Alikuwa ananiogopa, au ananiogopea, sikujua, na kwangu yote yalikuwa mamoja.

Nitasema wazi, maana ninakuandikia ili usidhani ni wewe peke yako. Wakati ule nilitaka kufa. Nilikuwa ninakaa kwenye mawe nikitazama maji yanavyopita, nikifikiri kwamba nikisikia utani mmoja mzuri tu, mambo yamekwisha, na hakuna atakayesema nimejiua. Watasema alisinzia. Kama wewe umefika hapo, mwambie mtu. Mimi sikumwambia mtu. Nilichoshwa hata na hilo, nikalala, na nilipoamka jua lilikuwa limeondoka na mtu alikuwa ameniwekea jani la mgomba kichwani. Mpaka leo sijui ni nani.

Maji yalikuwa yamepungua tena tuliposikia kwamba kuna daktari wa mambo ya kichwa amekuja kwa muda katika hospitali moja kule Makiso. Tulienda kabla ya jua. Chumba cha kungojea kilijaa: watu wa kifafa, mzee aliyepooza upande, msichana aliyekuwa akiongea na ukuta. Nilisinzia, wakaita jina langu, sikusikia, nikapitwa. Mama Odette alikuwa ametoka kutafuta maji. Nikapitwa tena. Basi mama mmoja mfanyabiashara, wa kutoka Kivu ya Kaskazini, aliyekuwa amemleta mama yake, akakaa karibu nami, akaniambia lala papa, mimi nitasikia kwa ajili yako. Nikalala usingizi ambao sikuwa nimelala kwa miezi mingi, kwa sababu kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu aliyeniruhusu. Walipoita, aliinua mkono wangu juu kwa mkono wake.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko nilivyotarajia, amechoka. Nilianza kumweleza malaria, minyoo, sindano ya mgongoni. Alinisikiliza kidogo tu. Kisha akauliza swali moja.

"Ukicheka, inakuwaje?"

Nikalia. Mwanamume mzima, mbele ya mke wake, nililia kama nimepigwa. Muda wote ule hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Akasema ugonjwa huo unajulikana, una jina refu la Kifaransa. Alisema si uchawi, si uvivu, wala sitaambukiza watoto kwa kulala nao kitanda kimoja. Halafu akasema hauponi. Alisema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Kuna namna ya kuishi nao: nilale kidogo asubuhi, kidogo adhuhuri, kidogo alasiri, kwa ratiba, nikitaka nisitake, kabla usingizi haujanifuata. Fikiria! Nimeteseka kwa kulala mchana, na dawa ninayopewa ni kulala mchana. Na kwa ajili ya magoti akaniandikia vidonge ambavyo kwa kawaida hupewa watu wenye huzuni. Alisema vinazuia kuanguka, si sana, na si kila siku, na hapa mjini vinapatikana leo, kesho havipo.

Nilimuuliza kuhusu kazi yangu. Akauliza ni kazi gani. Mama Odette akamweleza, kwa sababu mimi niliona jibu linakuja na sikutaka kulisaidia.

"Juu ya maji, hapana," akasema daktari.

Niliyaficha maneno hayo. Mama Odette hakuyaficha. Yaya Faustin akatuita kwake, akaketi kwenye kiti cha baba, akasema miti inasimikwa mwezi huu na mahali petu panahitaji watu watatu wa kusimama. Hakunitazama. Mwanawe mkubwa yuko tayari. Nilimwambia bado sijafa. Nilimwambia nina vidonge, nalala kwa ratiba, na kinachoniangusha si maji wala usingizi, ni utani wao. Wakinyamaza, nitasimama. Nilibishana kwa ukali mpaka Mama Odette akatoka nje. Na mwishowe Gaston akasema, "Bon. Tutanyamaza."

Wakakubali. Walikubali kwa ajili yangu, kumbuka hilo.

Sijawahi kuona kazi ya huzuni vile. Tulisimika miti kama watu wanaochimba kaburi. Wanaume wa familia nyingine, mbali kidogo, walikuwa wakitukanana na kucheka, na sisi watatu tulikuwa kimya, kila mtu na kamba yake. Lakini nilisimama! Vidonge vilifanya kazi. Sikuanguka hata mara moja. Mvua zikaanza, maji yakapanda, samaki wakaja, nami nikaleta nyumbani samaki wangu mwenyewe, na nilifikiri nimeshinda. Nilimwambia mke wangu umeona. Alisema ameona.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mwingi. Mimi nilikuwa nimefungua mtego, Yaya Faustin yuko juu yangu, Gaston upande wa pili. Tulifanya kazi muda mrefu. Yaya Faustin akataka panga, na panga alikuwa nalo Gaston. Akaita. Akaita tena. Ndipo tukavuka.

Gaston alikuwa ameteleza. Kamba ilikuwa imemshika begani na chini ya kwapa, na maji yalikuwa yanamfika mdomoni, yakienda, yakirudi. Alikuwa ameita mpaka sauti imekwisha. Hatukumsikia, maana maji yanakula sauti, na hatukumtazama, maana tulikuwa tumekubaliana kunyamaza. Zamani, angekosa kujibu utani mmoja tu, tungekuwa pale. Tulimtoa na bega lake limetoka mahali pake, uso wake hauna damu, na macho yake hayakuwa yananijua.

Hospitalini wakamwingiza ndani. Tukakaa kwenye benchi. Sitakudanganya: saa yangu ya kulala ilifika, na nikalala. Niliamshwa na Mama Odette, kwa nguvu, kwa bega.

"Kaka yangu iko mule ndani," akasema, "na weye uko nalala."

 Ningesema ni ugonjwa, naye anajua ni ugonjwa, alikuwa ameketi mbele ya daktari pamoja nami. Hasira yake ilikuwa ya haki na ugonjwa wangu ulikuwa wa kweli, na vyote viwili vilikaa kwenye benchi moja. Alihamia upande wa pili wa baraza. Nilisimama wima mpaka mchana ukaisha, nikijifinya mapaja, ili akigeuka anikute macho yamefunguka. Hakugeuka.

Gaston aliishi. Mkono wake wa kulia haupandi tena kupita kifua. Siku alipoweza kuketi, familia ilikusanyika kwa Yaya Faustin, na wote walifikiri watabishana nami tena. Nilikuwa nimeshajiandaa usiku kucha. Niliinuka kwanza, kabla ya yeyote.

"Rudisheni utani," nikasema. "Mimi nashuka."

 Yaya Faustin alifunika macho yake. Nilitoka nikaenda kukaa nyuma ya nyumba yake, na nikasubiri nisikie nafuu, kama watu wanavyosema kwamba ukifanya jambo jema unasikia nafuu. Sikusikia. Nilisikia kwamba mimi si mtu wa maporomoko tena, ni mtu anayeishi karibu na maporomoko. Kisha saa yangu ikafika, nikalala pale pale chini.

Maji yamepungua na kupanda mara kadhaa tangu hapo. Mwana wa Yaya Faustin amesimama mahali pangu, na anasimama vizuri, sina la kusema. Mimi ninasuka mitego ufukoni. Mkono ukilegea, mtego haunidondoshi. Ninalala kwa ratiba, kwenye mkeka, na Mama Odette huniamsha kwa kunigusa unyayo, kwa sababu nikiguswa kichwa ninamwona yule mwanamume asiye na uso. Tulikaa muda mrefu bila kusemezana zaidi ya chumvi na sabuni. Hilo halikwisha siku moja. Lilipungua, kama maji. Wiki ambazo vidonge havipo dukani, ninajifungia kwenye mambo ya huzuni ili nisianguke, na hayo ninayo ya kutosha.

Kama unaumwa hivi, sina mengi ya kukupa. Tafuta daktari atakayekuuliza kuhusu kicheko. Lala kabla hujaangushwa. Waambie watu wako ukweli mapema, usiwaache wakupende kwa njia itakayokuua, na usiwaombe wanyamaze kwa ajili yako.

Nimalize na jambo la majuzi. Vidonge vilikuwa vimekwisha mjini. Nilikuwa ninasuka, nimeegemea mwamba, na Mama Odette ameketi karibu anapasua samaki. Wanaume walikuwa juu ya miti, wanatukanana kama zamani. Gaston siku hizi hapandi juu. Anashika kamba kwenye jiwe la mwanzo, kwa mkono wake mzuri. Tangu siku ile ya kamba hakuwahi kunitania. Alikuwa akinisalimu kwa adabu, kama mkwe mgeni, na kila salamu ilinikata.

Nikasikia ananiita.

"Shemeji, dokta alikuandikia kulala. Mwambie, mimi aniandikie kula. Nitaimaliza ile dawa yote mbele ya saa sita."

Mke wangu aliacha kisu. Alinitazama usoni, akaona linakuja, na badala ya kunikataza aliusogeza mkono wake, wenye magamba ya samaki, akauweka nyuma ya kichwa changu kabla hakijagonga mwamba. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu ile siku ya matanga, na kila kitu kikaondoka, magoti, mikono, taya, nikawa nimelala mapajani mwake nikinuka samaki, nikisikia yote.

Juu ya miti walikuwa wamenyamaza. Walikuwa wananingoja. Utani umetupwa, na mtu mmoja hajajibu, na asiyejibu anatazamwa. Nilitaka kujibu, ulimi haukuwepo. Nilisikia mngurumo tu, na pumzi ya mke wangu. Kisha Mama Odette akainua kichwa, akapaza sauti juu ya maji, sauti ya kwao, ya binti wa wavuvi.

"Iko," akawaambia. "Ameanguka, lakini iko."